Vidole Mgongoni mwa Babu

Jumatano, 18 Septemba
Hili sijamwambia mtu: siku hizi anayeongoza ukanyagaji wa zabibu za divai ni mimi, si Babu Hermínio. Akili yake hukatika katikati ya mwito. Tukishajipanga ndani ya tangi la mawe — mikono mabegani, zabibu hadi mapajani — mimi humgonga mgongoni kwa vidole, naye huita, “Pisa!” Yaani kanyaga, kwa Kireno. Mguu unashuka. Wahispania wanaokuja kuvuna wana neno hilohilo, kwa hiyo sote twaenda pamoja. Watu humsifu: mzee ana saa kifuani. Nanyamaza. Kunyamaza nakuweza.

Alhamisi, 19 Septemba
Sina raha. Msimamizi, Bwana Amândio, alisimama ukingoni akitazama miguu yetu. Kasema mstari ukivurugika, Babu apumzishwe, iletwe mashine ya miguu ya chuma. Babu akacheka: chuma hakina huruma na kokwa, kitazipasua kitunyweshe divai chungu. Halafu akaniuliza mimi ni mtoto wa nani.
Mama naye ananihimiza niende — basi la Porto ni Jumapili, chuo cha uuguzi hakisubiri. Nikienda, nani atagonga?

Ijumaa, 20 Septemba
Nilitaka kumfundisha binamu Fausto kugonga. Angeuliza kwa nini. Nikaacha.

Jumamosi, 21 Septemba
Amândio kanitoa kando ya Babu! Eti warefu wakae katikati, mimi niende mwisho wa mstari. Eusebio, Mhispania, akachukua nafasi yangu. Babu akaita mara chache, kisha kimya. Sote mguu mmoja juu, kama korongo.
“Mzee, tusimame hivi mpaka Krismasi?” Eusebio akatania.
Walicheka. Amândio hakucheka. Akaanza kuvua viatu ashuke mwenyewe.
“Pisa!”
Sauti yangu! Mimi niliyekuwa nikinyoosha mkono nusu tu darasani. Miguu ikashuka. Nikaita tena na tena mpaka zabibu zikalainika, na Babu akafuata mwito wangu kama wengine.
Sasa nguo zangu ziko sandukuni, Mama kazikunja mwenyewe. Amândio kaagiza nisipande basi kesho kabla hajaongea nami. Hakusema ni kuhusu Babu au mimi.
La Babu wamelijua wote. Lakini hili libaki hapa, Mama asilisikie, wala Babu: kuna mwito mmoja niliuchelewesha makusudi. Nilitaka kuona kama watanisubiri. Walisubiri. Usimwambie mtu.