Magauni ya Mama Jukwaani

Jumapili. Mvua imeanza watu wakitoka kanisani na haijakatika, ile mvua ya Busia isiyo na haraka, na malori yanayoelekea mpakani yamesimama kimya barabarani. Nimekaa dirishani na chai. Wanaonisoma hapa kwenye blogu wamezoea kunikuta nimemshika mtu shati. Leo sijamshika mtu. Nimetulia, na utulivu wenyewe siupendi, maana najua ulikotoka.

Taaka alikuja jana.

Kwa asiyemjua: Taaka ni mwimbaji. Anatunga nyimbo zake mwenyewe, anazipiga kwa kinanda, na toka Malaba mpaka Funyula sijaona anayemkaribia. Sisemi hivyo kwa sababu ni rafiki yangu. Nina marafiki kadhaa ambao ni wasanii wabovu, na nimewaambia.

Alianza na kinanda cha kanisa akiwa msichana. Wakamwondoa. Kosa lake ni kwamba alikuwa hakai. Ukifika wimbo wa mavuno anasimama, anapiga kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine anapepeta mtama usiokuwepo, anapuliza makapi kuelekea kwa mhubiri, na waumini wanacheka katikati ya ibada. Wazee wakasema huo ni mchezo wa kuigiza. Walikuwa sahihi kabisa. Walichokosea ni kudhani wamemtukana.

Akanunua kinanda cha umeme cha mtumba, akakiweka juu ya meza ya kupigia pasi, akaenda Malaba kuwapigia madereva waliokwama kwenye foleni. Pale ndipo alipojifunza kuwashika watu waliochoka. Alikuwa na wimbo wa dereva anayempigia mkewe simu kumwambia ameshafika Kampala, kumbe bado yuko kwenye foleni, anatazama paa lile lile la juzi. Alikuwa anauimba amevaa kofia mbili, ya mume na ya mke, anazibadilisha bila kukosa noti. Madereva walimfanya aurudie mpaka betri ikafa.

Lakini jina lake lilitoka matangani. Huku kwetu mtu akifa, wajukuu huvaa nguo zake na kumwiga: anavyotembea, anavyokohoa, anavyokataa ugali uliopoa. Ndiyo heshima yetu. Taaka aliichukua desturi hiyo akaitia kinanda. Kabla ya maziko anakuja nyumbani, anakaa jikoni na wanawake, anamenya viazi huku akiuliza maswali. Siku ya maziko Taaka anavaa nguo zake, na marehemu anaingia uwanjani, anaimba, anawatania watu kwa majina yao.

Na ana sharti lake. Wimbo wa marehemu huimbwa mara moja, halafu unakuwa mali ya boma lile. Hata yeye aliyeutunga hawezi kuurudia bila kuja kuomba, na lazima watoto wote waliobaki wakubali. Mmoja akikataa, wimbo umelala.

Mama yetu alipofariki, Taaka alimwimba. Tuliobaki ni wawili tu, mimi na kaka yangu mkubwa, Ouma.

Mama alikuwa anavuka mpaka na nguo za kuuza akiwa amezivaa mwilini. Gauni juu ya gauni, mpaka viwiko havikunjiki. Asubuhi anaondoka mwembamba, jioni anarudi mnene, na afisa wa zamu anamuuliza atajifungua lini. Wanawake wengi hapa walifanya hivyo. Nani angemwambia mama wa watu avue? Jina la kazi hiyo ni magendo. Naliandika waziwazi, na sijawahi kuliandika karibu na jina la Mama mpaka leo.

Siku ile Taaka aliingia amevaa magauni yote hayo, mikono inavifikia vitufe kwa shida. Mkono wa kushoto ulikuwa unatembea: mzito, mzito, mama anatoka Uganda. Kila ubeti anavua gauni moja, anamtupia mtu, na mdundo unapata wepesi. Karo ya Ouma, hiyo. Viatu vya huyu, hivyo. Katikati ya wimbo akanigeukia mimi. Mkono wa kulia ukapanda juu kabisa, kwenye noti nyembamba, na sauti ikawa ya mtoto mwenye maringo anayesoma insha.

Mtoto huyo ni mimi. Shule ya msingi, sare mpya, nasoma insha yangu juu ya ubaya wa magendo mbele ya mama ambaye bado ana magauni matatu mwilini. Na mama anapiga makofi: "Msomi wangu! Soma tena pale pa kufungwa jela!"

Ilitokea hivyo hivyo. Nilicheka siku ile mpaka nikakaa kwenye nyasi. Wote waliokuwepo walimjua Mama, na nusu yao walikuwa wamenunua hayo magauni.

Sasa kuna ukumbi Nairobi umemwita Taaka. Jioni nzima ni yake peke yake, na piano ya kweli, ya mbao, yenye nyuzi ndani. Miaka yote hii hajawahi kupiga piano ya kweli mbele ya watu. Mwandaaji aliona video ya simu kutoka matanga yetu, na wimbo huo ndio anaoutaka ufunge onyesho. Bila huo, Taaka atapewa nafasi ya kufungua tu, kabla mtu mwingine hajapanda.

"Ile nafasi ya watu bado wanatafuta viti," alisema, akacheka, lakini mkono wake ulikuwa unabonyeza ukingo wa meza yangu.

Alikuja na sukari na mkate, kama anavyokuja mtu mwenye ombi. Akakaa vizuri.

"Dada, najua umeandika sana ati wasanii waachwe huru. Huyo wa kwenye blogu sikumjia. Nimemjia mtoto wa Mama Ouma."

Nikamwambia nitafikiria. Mimi! Watu wa ukumbi hawamjui Mama, nikasema. Watamcheka.

"Watacheka, ndiyo. Kwani Mama alikuwa hachekeshi?" Akamaliza chai yake polepole. "Ni Mama unamwonea aibu, ama ni ile insha?"

Alipotoka nilimpigia Ouma, yuko nyumbani Sigalame. Nilijiambia ni kwa sababu ya sharti, kwamba kaka lazima aulizwe. Ukweli ni kwamba nilitaka akatae, ili nisikatae mimi.

Hakuniangusha.

"Mimi ni mzee wa kanisa. Unataka Nairobi yote ione Mama anavua nguo?"

"Ni magauni ya juu, kaka. Anabaki amevaa."

"Na hayo ya juu ni ya magendo. Si wewe huandika magendo ni wizi? Kila wiki! Nimekusoma. Sasa unataka nani aimbwe kuwa mwizi, mama yako?"

Na nilipokata simu, nilishukuru. Nilianza hata kupanga maneno ya kumwambia Taaka: unajua Ouma, unajua kanisa, mikono yangu imefungwa. Niliyapanga vizuri sana. Ni kazi yangu kupanga maneno.

Leo asubuhi nimeyarudia maneno hayo nikayaona ni ya mwoga.

Nimeandika hapa kwamba anayemziba mdomo msanii kwa jina la heshima anailinda nafsi yake, na heshima ni shuka tu aliyojifunika. Niliamini, na bado naamini. Ila wakati huo nyimbo zilikuwa za mama za watu wengine. Ukumbi ule ukicheka ile insha, watakuwa wananicheka mimi ninayeiandika mpaka leo, nimevaa sare ile ile iliyonunuliwa kwa magauni. Wapo wasomaji wangu watakaoifurahia sana video hiyo. Nawajua kwa majina. Karibuni, nimewarahisishia kazi.

Lakini kuna jambo lingine, na hili ndilo limenikalisha hapa dirishani mpaka chai ikapoa. Katika yote niliyoandika kuhusu mpaka huu, sijawahi kumtenganisha tajiri anayepitisha trela zima la sukari kwa kupiga simu na mwanamke anayevuka na magauni mwilini, jasho linamtoka, ili mtoto asifukuzwe shule. Nimewapiga wote kwa fimbo moja. Tofauti yao nilikuwa naijua tangu utotoni. Kuisema kungenilazimu kusema nimeijuaje. Kwa hiyo hoja yangu bora kuliko zote niliificha, na Taaka, ambaye hajawahi kubishana na mtu yeyote, aliisema yote mbele ya jeneza kwa mkono wa kushoto.

Mchana nimemwandikia ujumbe. Upande wangu ni ndiyo. Ubeti wa insha ubaki, tena usilainishwe.

Akajibu haraka: "Asante sana dada. Na Ouma?"

Na Ouma.

Nimeshaanza kumwandalia hoja tatu au nne kichwani, na zote ni nzuri. Zitamshinda. Nimemshinda Ouma tangu nikiwa na miaka kumi, na kila nikimshinda anaondoka na msimamo wake ule ule, sasa umekuwa mgumu zaidi. Yeye ndiye aliyekuwa anamngoja Mama njiani jioni kumpokea, kwa sababu Mama, kwa magauni yale, hakuweza kuinama kuvua viatu. Mimi nilikuwa ndani nasoma. Anachokilinda kaka yangu amekigusa kwa mikono yake, na mimi sijawahi kumuuliza kilikuwaje.

Kesho asubuhi naenda Sigalame. Nitamkuta shambani, maana mahindi yanataka palizi na mvua hii imeleta majani. Nitaomba jembe la pili, nitaanza mstari wa pembeni yake na sitasema neno juu ya Nairobi mpaka yeye mwenyewe aanze habari za Mama. Ataanza. Hana mtu mwingine wa kuzungumza naye habari zake.

Je, nitaweza kunyamaza mstari mzima?