Ng'ombe Mwenye Hereni

Jumatatu, 9 Juni 2025

Sijawahi kumwambia mtu, hata Mama: mie nampenda mzee mmoja wa Kimarekani. Ameshakufa, kwa hiyo hakuna ishu. Anaitwa Orrin Tackett, mchoraji. Nilimkuta maktaba ya shule, kwenye kitabu cha Kiingereza ambacho hakuna mtu aliyewahi kukiazima. Baba yake alikuwa fundi wa mabango ya vituo vya mafuta. Mtoto akakua, akayachukua mambo yale yale ya mabango akayaita sanaa. Matunda ya kopo! Pakiti za sabuni! Kopo moja analirudia na kulirudia mpaka ukuta mzima unajaa, kila moja na rangi yake. Wakubwa wa New York wakauliza, hii sanaa au tangazo? Yeye alikuwa na aibu kama mie. Siku ya maonyesho yake ya kwanza alijificha jikoni!

Namsoma kwa Kiingereza, nacheka kwa Kiswahili.

Rangi za Idi zimebaki. Nyekundu ya mlango, bluu ya madirisha, njano kidogo. Na ukuta wetu wa uchochoroni mweupe pee.

Jumatano, 11 Juni

Nimefanya!!

Mama na kaka yangu Faraji wamekwenda Kigamboni kumwona shangazi kajifungua. Mie nikasingizia tumbo. Nikakata katoni kwa wembe – umbo la kopo, katikati kichwa cha ng'ombe – nikaishikiza ukutani, nikagonga rangi kwa sponji. Nikasogeza. Nikagonga. Makopo ya maziwa, safu nne! Kila ng'ombe nimemvalisha hereni. Jina la maziwa nimelibuni mwenyewe: MALKIA. Nimecheka peke yangu kama chizi.

Jina langu sikuandika. Mkono ulikataa.

Wamerudi jioni kwa mlango wa mbele. Hakuna aliyeona kitu.

Alhamisi, 12 Juni

Ee Mungu wangu. Nilisahau kwamba huku Mbagala ukuta ukishapakwa bidhaa, hapo ni duka!

Asubuhi tu, hodi hodi. Mtoto kashika hela: mama kasema nipe maziwa ya ng'ombe mwenye hereni. Mama kamwambia umepotea. Akaja mwingine. Halafu Mzee Khalfani, jirani yetu, na kanzu yake, kanuna. Hata shikamoo ya Mama kaitikia kwa mbali. Mmefungua duka, jirani hata kunong'onezwa? Mama akaapa hana duka.

"Na yule ng'ombe kaja mwenyewe?"

Mama akazunguka uchochoroni kuangalia. Mie nyuma ya pazia. Kisha Mama akapandisha sauti: hawa watu wa kampuni wamenipakia ukuta bila hata hodi, naenda kwa mjumbe sasa hivi! Mtandio tayari begani. Hapo Faraji – mdomo kama spika ya singeli – akasema, Mama tulia, ni mie.

Akatupia jicho pazia. Akakonyeza. Kumbe anajua! Kucha zangu zina bluu tangu jana.

Mama kacheka mpaka kakaa chini. Mwanangu fundi! Mzee Khalfani naye kampa Faraji mkono, kamwambia hongera kijana, ila hereni zile za dhahabu au za kuazima?

Nikapumua. Dakika moja hivi. Baada ya hapo nikaanza kuhesabu: ng'ombe kachorwa na mie, hongera kapewa yeye.

Ijumaa, 13 Juni

Mama kaleta katoni nzima ya maziwa ya kopo. Anasema wateja wamekuja wenyewe, nawafukuzaje? Watu wananunua huku wananung'unika: huyu wa kwenye kopo mbona hana hereni?

Nimecheka. Kidogo.

Jumamosi, 14 Juni

Kaja Sista Atu, yaani Atuganile, mwenye saluni ya njia panda. Anamtaka yule fundi wa ng'ombe. Anataka vichwa vya wanawake ukuta mzima, misuko minne, inajirudia, kila kichwa na rangi yake. Tackett mtupu, na wala hamjui!

Akaongeza: na chini tunaandika jina la fundi, kubwa, mtu akipita asome.

Jina. Chini. Kubwa. FARAJI.

Yeye kajibu, sawa sista, kesho nakuja kwa kazi! Nikamfuata uani. Nikamwambia wewe hata yai huwezi kuchora. Hakukasirika hata kidogo.

"Naima, mie nimekuazima mdomo tu, ukuta sijakuchukulia. Nenda kaseme."

Rahisi kwake! Yeye alizaliwa anaongea. Mie shuleni nikiitwa jina kwenye mahudhurio, moyo unaruka.

Lakini ukutani jina likishakauka, halifutiki. Nitakuwa napita pale kila siku nikienda shule. Nalisoma.

Jumapili, 15 Juni

Wako uani sasa hivi. Mie chumbani, naandika kwenye goti.

Sista Atu hakungoja afuatwe, kaja na rangi zake mwenyewe. Kataka kichwa kimoja cha mfano kwenye kipande cha boksi. Faraji kachora.

Sista Atu: "Braza, huyu mteja wangu au birika?"

Mama kakohoa kwa kicheko. Mzee Khalfani anasema msimharakishe, hajamaliza, na kama ni birika basi chai iko wapi? Faraji anatafuta pa kutokea. Brashi hii mbovu, anasema, ngoja nikachukue ile nzuri ndani.

Ile nzuri ninayo mie. Sponji pia. Asubuhi nimekata katoni za misuko yote minne, mpaka ule wa twende kilioni, mistari imenyooka kama rula. Hakuna aliyenituma. Na nimekata kipande kingine, chembamba, cha kwenda chini kabisa. Herufi tano. Ya kwanza si F.

Ndala zinaburuzwa ukumbini, huyo Faraji. Lakini si yeye peke yake! Sista Atu anasema na mie nije niione hiyo brashi. Mama naye nyuma. Katoni zote zimetandazwa kitandani, na sizikusanyi. Daftari tu ndio nalificha, mlango huo unafungu—