Anayefua Mashati ya Baba Neema

Kwako dada yangu Nyamisi, Mwisenge, Musoma.

Nisamehe kwanza, halafu ndiyo usome. Barua yako ilifika miti ya huku ikiwa na majani, na leo imebaki mitupu kama imeliwa na nzige, ndipo nashika kalamu. Usidhani nimewasahau. Uliniuliza swali dogo tu, eti nani ananisaidia kufua na huyu mtoto mgongoni, na mimi nilikuwa sina jibu la kuandika bila kulia au kutukana mtu. Sasa nimelipata.

Hamjambo lakini? Mguu wa Mama unaendeleaje, bado anateremka nao shamba la chini huko Butiama? Mwambie apumzike, viazi haviendi popote. Sisi hatuumwi. Neema ameota meno na anauma kila kinachomkaribia. Baba yake anasoma ushirika wake, jioni anarudi ananieleza mizani ya pamba mpaka anasinzia na kijiko mkononi. Mimi nimechoka tu, dada, uchovu wa kawaida wa mwenye mtoto, isipokuwa huku hakuna wa kumpokea hata nioge.

Sasa hilo la kufua. Huku Denmark, katika jengo letu, mtu hafulii kwake. Tunakaa watu wengi, ghorofa juu ya ghorofa, na chini kabisa, ndani ya ardhi, kuna chumba chenye mashine moja ya kufulia. Kila mlango umepewa siku yake kwa wiki. Mlango wetu siku yake ilikuwa Jumamosi.

Unatujua sisi. Tangu tunazaliwa, Sabato hatugusi beseni. Nilipofika tu nikamwuliza Baba Neema, sasa wewe mwaka mzima uliokaa hapa peke yako ulikuwa unafuaje? Akajibu bila hata kugeuka kwamba Bi Karen alikuwaga anaichukua hiyo Jumamosi, anamfulia pamoja na zake.

Bi Karen ni mjane, mlango wake unatazamana na wetu. Usijifariji kwamba ni bibi kizee. Ni wa umri wako, mnene kidogo, mashavu mekundu, anacheka na kila mtu. Huyo ndiye aliyekuwa anafua nguo za mume wangu. Zote, dada. Mpaka zile ambazo kwetu hata mama mzazi akishamwoza mwanawe hazigusi tena. Na mimi nilipofika hakuacha. Kila Jumamosi asubuhi anagonga, Baba Neema anampa kikapu, anateremka nacho. Mimi nakaa na Biblia mapajani, nasikia ile mashine inanguruma huko chini, hata mstari mmoja hauingii. Alasiri anarudi, mashati yamepigwa pasi, kola zimesimama, na mume wangu anamshukuru kwa kile Kidenmark chake, maneno mengi kuliko anayonipa mimi kwa siku nzima.

Nikavumilia. Halafu nikaliona lile shati la kahawia alilosafiria. Unakumbuka siku anaondoka Bunda, kifungo kilikatika basi likiwa limeshawaka, nikakishona nimesimama kwa uzi mweusi kwa sababu hapakuwa na mwingine? Basi nakuta kimeshonwa upya. Kwa uzi mweupe. Vizuri kabisa, kimezungushiwa uzi hata shingoni.

Nikampelekea mume wangu. Akaangalia, akacheka. "Mama Neema, inayofua ni mashine, siyo mtu."

"Na kifungo kimeshonwa na mashine?"

Akamchukua mtoto, akaenda naye dirishani kumwonyesha ndege ambao hawakuwepo.

Kesho yake Jumapili nikaamka na nguvu zangu zote. Nikajaza maji kwenye lile bafu refu, nikachukua sabuni ya mche niliyotoka nayo nyumbani, nikafua kila kitu kwa mikono mpaka vidole vikafa ganzi. Nikatoka nyuma ya jengo. Kamba ilikuwa fupi, kwa hiyo nilianika pale mashati na nepi, na zilizobaki nikazitandaza juu ya ua wa miti mifupi, kama tunavyotandaza juu ya mawe ziwani. Nilisahau kwamba kwa wenzetu Jumapili ndiyo siku yenyewe. Wanapita wamevaa za kanisani, wakubwa kwa watoto, na chupi za Baba Neema ziko pale zinawasalimia. Msimamizi wa jengo akatoka, uso mwekundu, anaongea huku anaonyesha kwa kidole kamba, kengele ya kanisa, kamba. Nami nikamjibu kwa Kijita, kwa adabu.

Baridi ndiyo iliyonishinda. Nilivyorudi kuzianua, nguo zote zimeganda, zimekuwa mbao. Suruali inasimama yenyewe kama askari. Nazibeba kwapani kama kuni, na Neema analia mgongoni, mara nageuka, Bi Karen huyo na kikapu chake, anaokota nepi kwenye ua. Akafika kwenye chupi. Akashika. Na mimi nikashika. Sikuvuta, dada, lakini sikuachia pia. Tukaangaliana hivyo, katikati yetu kile kitu kimekakamaa kama samaki mkavu. Mwishowe akaachia yeye. Akasema maneno mengi, polepole, macho yamelowa kidogo, sijui ni upepo. Baba Neema alikuwa ameshateremka, nikamwuliza anasemaje.

"Anasema bado zina unyevu."

Maneno yote yale, dada, na tafsiri ni hiyo.

Jumatatu nilipanda mwenyewe ghorofa ya juu kwa mzee mmoja ambaye siku yake ni Jumatano. Sikumwomba Baba Neema aje kusema. Nikamwonyesha kalenda yake iliyoko ukutani, nikagusa Jumamosi nikampa kwa mikono miwili, nikagusa Jumatano nikajiwekea kifuani. Alicheka mpaka akakohoa, lakini alikubali. Tangu hapo nafua mimi. Mara ya kwanza niliweka sweta nyekundu ya Neema pamoja na mashati meupe, na mume wangu akaenda darasani wiki nzima ana rangi ya waridi. Hakusema kitu. Kwa hilo nampenda.

Wala sisemi kuna jambo baina yao. Nimechunguza vya kutosha, hakuna. Lakini mtu anayejua shati la mumeo linachakaa upande gani, huyo siyo jirani tu. Bado ananisalimia, na mimi namwitikia, na mlango naufunga taratibu.

Kilichobaki ni kola. Wanga wa viazi vya huku hausimamishi kitu. Juzi anafunga tai kwenye kioo, akasema, wala bila ubaya, "Zile za mwanzo zilikuwa zinasimama." Sentensi hiyo ninalala nayo. Nikamwambia zitasimama, angoje mzigo wa dada.

Msalimie Mama sana. Shemeji yangu, mumeo, nasikia bado yuko Mwigobero na dagaa wake, mwambie namkumbuka kila nikila samaki wa huku wasio na ladha. Mjomba wa Kigera anayefundisha somo la Sabato, mwambie tunaishika, ila habari ya Jumapili usimfikishie. Mama mkwe wangu ukifika Bunda umwulize kama nyumba yake ya kijiji cha ujamaa imeshaezekwa, na umwambie mwanawe ni msafi. Asijue zaidi ya hapo.

Ni mimi mdogo wako ninayekupenda,
Nyangeta, Mama Neema.

Mwenzake Baba Neema yuko likizo Tarime, atapita kwako kabla hajarudi huku. Mpe hivi: unga wa muhogo kopo moja, ule mweupe Mama anaouchuja kwa kitambaa, nitengeneze wanga wangu. Buluu ya kufulia. Khanga moja nzito ya kubebea mtoto, hii imechoka kuliko mimi. Dagaa usiweke, jengo zima litanijia juu kwa harufu. Na uzi mweusi, rili mbili. Mweupe upo tele huku, wala siutaki.