Ruksa Havuti Kamba Tena

Baba,

Shikamoo. Nimeanza na salamu kwa sababu bila hiyo ungeniuliza nimelelewa wapi.

Nakuandikia nikiwa kibarazani, hapa nyumbani Kilema. Umande umeshakauka, na mbwa wako amelala miguuni pangu. Ndiyo, Ruksa. Amelala. Najua huamini, hata mimi kila nikimaliza mstari namtazama tena.

Siku tulipoanua matanga nilidhani kitakachotushinda ni kukaa mezani bila wewe. Kweli ni kugumu, mpaka leo kiti chako hakuna anayekigusa. Lakini aliyetutoa jasho upesi ni huyu. Ulimpa jina lile kwa mzaha, miaka ile serikali ilipotangaza kila kitu ruksa, nguo za nje ruksa, kila mtu na kiduka chake ruksa, ukasema hata mbwa amesikia tangazo. Ulipokuwepo tulicheka. Ulimpitisha njiani kamba ikining'inia mkononi mwako kama mtu aliyebeba mwavuli. Ulipoondoka, akawa hashikiki. Alikwangua mlango wa chumba chako mpaka rangi ikatoka. Asubuhi moja Mama akajaribu kumtembeza mwenyewe. Ruksa akaona mbuzi wa jirani, akaruka. Mama hakuachia kamba. Akaanguka mferejini, akateguka kifundo cha mkono.

Mdogo wako, Baba mdogo Ladislausi, akaja siku hiyohiyo. "Nimepata mtu Kahe, anataka mbwa wa kufunga getini. Nitamchukua."

Mama alikuwa amekaa jikoni, mkono umefungwa kitambaa. Hakubisha. "Mpelekeni," akasema. "Kila akibweka nageuka nione kama mwenyewe amerudi."

Wewe ungemjibu nini, Baba?

Mimi nilikuwa nimefunga meza yangu ya mitumba mjini Moshi ili nikae na Mama. Nikamwomba Baba mdogo asubiri mpaka tumalize kuchuma kahawa. Akacheka. "Vero, utamfundisha mbwa, au mbwa atakufundisha wewe?" Nilijua tu kwamba sitaki afungwe kwenye joto la Kahe, mbwa aliyezoea baridi ya huku. Na kelele zile za mlangoni... mimi nilikuwa sitaki ziishe. Aliyekutafuta kwa sauti kubwa kuliko sisi sote alikuwa yeye.

Siku za mwanzo nilivuta, naye akavuta. Jirani yetu Mama Aneti alisimama kwenye shamba lake la kahawa akapiga kelele, "Vero! Leo nani anampeleka mwenzake?" Viganja vilichubuka. Kuna asubuhi nilichoka kabisa, nikasimama tu katikati ya njia, sivuti, sisemi. Ruksa akavuta, akavuta, akageuka kunitazama. Akarudi hatua. Kamba ikalegea.

Hapo nikakuona, Baba. Nikakuona tukirudi kutoka kanisani na Ruksa, unasimama ghafla, unatazama mlima, na mimi nakushika kiwiko nikidhani ni kifua kinakusumbua. Unaniambia, "Tusubiri kidogo, mwanangu." Kisha unaendelea kana kwamba hakuna kitu. Kumbe hukuwa umechoka! Ulikuwa unamsubiri mbwa alegeze kamba. Nilicheka peke yangu pale kwenye migomba, halafu nikalia, na huyu mjinga akanilamba mkono.

Basi nikajua pa kuanzia. Kamba ikikaza, nasimama kama nguzo. Ikilegea, tunakwenda, naye anapata dagaa kutoka mfuko wa aproni. Kutoka mlangoni mpaka kwenye mimea ya masale ya mpakani kulitumalizia asubuhi nzima. Mnyororo wake wa shingoni niliutoa pamoja na kamba; kwenye robota la mitumba nilikuwa nimepata mkanda mpana wa begi, huo haumkabi. Nilimwacha kwanza akimbie kihambani, kwenye migomba yetu, apunguze moto, ndipo nimvishe. Akirukaruka mlangoni, naweka mkanda chini na mimi nakaa. Ananitazama, namtazama. Mwisho naye anakaa.

Nikajiona fundi, nikampeleka sokoni. Baba, aibu! Alisikia harufu ya bucha, akanikokota mpaka juu ya ndizi za mama mmoja wa watu. Naziokota nimepiga magoti, nikiinua macho namwona Baba mdogo. Akatikisa kichwa, akaenda zake. Afadhali angesema. Nilirudi nyumbani nikaukunja ule mkanda, nikauweka juu ya kabati. Kesho yake Ruksa akaja akakaa mlangoni mwenyewe, kimya, akisubiri. Ningefanyaje? Tukaanza upya. Siku za soko tulisimama mbali, tunasikia kelele tu, mpaka masikio yake yalale. Kisha tukasogea. Kisha tukasogea tena.

Kahawa ikaisha. Baba mdogo akaja na kamba yake mkononi. Kabla sijafungua mdomo, Mama akatoka jikoni. Kumbe siku zote hizo alikuwa anatutazama dirishani.

"Nipe," akaniambia.

Nilitaka kumwambia mkono bado haujapona, Mama, ngoja. Nikampa. Wakaenda mpaka njiani. Kuku wakakatiza mbele yao, masikio ya Ruksa yakasimama, mkanda ukanyooka, na moyo wangu nao. Mama akasimama. Hakuvuta. Alimsema kwa Kichagga, maneno yaleyale aliyokuwa akikuambia wewe ukichelewa kwenye pombe ya mbege. Ruksa akamtazama, akarudi ubavuni pake. Wakakata kona, hatukuwaona tena.

Baba mdogo akaizungusha kamba yake taratibu. "Yule wa Kahe nitamtafutia mwingine," akasema. Kisha akaomba chai.

Tangu tukuzike, ukiacha asubuhi ile ya mferejini, Mama alikuwa hajatoka getini ila kwenda hospitali. Sasa anatoka kila asubuhi. Jana alirudi na habari za njia nzima: nani ameng'oa kahawa apande nyanya, binti wa nani amechumbiwa. Alikula supu ya mtori bakuli zima huku akisimulia. Nikajifanya naosha vyombo ili asinione uso.

Kesho nashuka Moshi kufungua meza yangu. Sina hofu ya kumwacha Mama. Nakuahidi nitapanda kila Jumamosi, na mlango wa chumba chako nitaupaka rangi mwenyewe, ile ya bluu uliyoipenda.

Pumzika, Baba yangu. Ningeandika zaidi, lakini Mama ameshavaa viatu, amesimama njiani na mbwa wake, na anasema leo twende sote, nisiwacheleweshe.

Mwanao,
Vero