Beseni Langu la Unga

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa. Mkate hakuna, sikukanda.

Jana wewe na kikundi chako mliulizana maswali ya Biblia hapa sebuleni, mkakwama kwenye lile la Yesu kuwaosha wanafunzi miguu: ni amri au ni mfano tu? Mkaamua kujaribu. Kwa beseni langu la kukandia unga!

Asubuhi nimelikuta chini ya meza, maji yamefanya utando wa kijivu na ukucha wa mtu unaelea.

~~Litupe.~~ Lisugue kwa maji ya moto na sabuni, utalihitaji.

Lakini kinyaa chenyewe si hicho. Mlioshana miguu iliyotoka kwenye soksi safi. Mama yako akaita kutoka chumbani, “Na mimi, mwanangu?” Ukamwambia, “Kesho, mama,” na wenzako wakaziba pua kwa ajili ya kile kidonda cha mguu wake. Niliwaona.

Haya, kesho imefika. Dawa na bandeji viko juu ya kabati. Leo simwoshi mimi.

Ni amri au ni mfano, utaniambia jioni.

Mkeo