Nukta za Shavu la Mama

3 Machi

Kaka,

Shikamoo. Unisamehe kukaa kimya wiki tano. Mwanangu anaota meno, nachora kwa mkono mmoja, wa pili umembeba yeye. Hatujambo, sijui ninyi huko.

Kompyuta uliyoniazima naituma pamoja na barua hii. Mchoro wa mama yetu, wa kutumia kwenye mchezo wenu wa simu, umo ndani, mimi sina nakala. Nimeambatisha na ile picha yake ya karatasi niliyokuwa naitazama nikichora; ishike taratibu, ndiyo pekee tuliyobaki nayo tangu afariki. Ulinipa rangi nne tu, na shavu la mama linataka ya tano. Basi nimepanga nukta ya kahawia, nukta ya mchanga, kahawia, mchanga, kama vyumba vya drafti. Ukisogea karibu ni vidoadoa. Rudi nyuma hatua mbili, macho yatazichanganya yenyewe, na mama huyo anakutazama. Usiguse hata nukta moja. Ni kazi ya mwezi mzima.

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima, kazi tu zimetubana. Mpwa wangu ameshatoa jino?

Mchoro umependwa. Ila ofisini walicheka, wakauliza huyu bibi ana surua au vipi. Nikaupitisha kwenye programu ya kulainisha, vidoa vyote kwisha, sasa uso unang'aa. Mchezo umeshatoka. Usinune, nakujua. Picha ya karatasi ipo hapahapa mezani, nitakutumia.

Kaka yako

11 Juni

Kaka,

Shikamoo. Mwanangu ana meno matatu sasa.

Nimeandika mara mbili tangu Aprili, hukujibu. Juzi nimeuona mchezo kwenye simu ya jirani. Mama amekuwa kama sabuni iliyolowa. Lile kovu la shavuni, nililolijenga kwa nukta saba, umelisafisha nalo. Mama aliugua mengi, surua haikuwemo. Ungejua kama ungekuja kumuuguza. Nilimwambia mwanangu, "Huyo ni bibi yako," nikaona namdanganya mtoto.

Kuombwa radhi sitaki, na kazi nyingine usinipe.

Mdogo wako

Bado nahitaji unitumie:

Picha ya karatasi, katikati ya makadibodi mawili, isikunjwe.

Mchoro wangu kama nilivyouacha, kabla hujaulainisha.

Kama ulihifadhi wako juu ya wangu, wangu ukafutika, niandikie hivyo kwa mkono wako.

Na kama hata ile picha haipo tena hapo mezani, nitumie bahasha tupu.