Koti la Zuli Nimeliunguza Mimi

Alhamisi. Joto limepungua, watu wameanza kutembea nje mchana. Mimi siku nzima niko ndani ya mvuke, napiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli hapa Garhoud, Dubai.

Leo nimeunguza koti la Zuli.

Zuli, jina nimembadilisha, ni yule mwimbaji wetu wa roki aliyepanda jukwaani Nairobi na wanja, viatu vya soli nene na koti la kumetameta lenye mkono mmoja. Wazazi walimlaani, sisi tukamwiga. Nikiwa darasa la saba nilikata mkono wa sweta ya shule, nikala viboko shuleni na vingine nyumbani. Sikujuta. Niliamini yule mtu haogopi chochote. Sasa ni mzee, bado anaimba, na kesho anawaimbia Wakenya wa Dubai hapa hotelini kwetu.

Koti la safari hii lina mikono yote miwili. Nililishika nikapumbaa, pasi ikakaa mno, vile vidude vya plastiki vya kumetameta kwenye mkono wa kushoto vikajikunja. Ole wangu! Nina barua moja ya onyo tayari. Ya pili ni tiketi ya kurudi Nakuru.

Madam, msimamizi wetu wa kufulia, ananipenda. Akasema, "Yalla, haya, mpelekee, sema ni yule mpya." Yaani Nakato, Mganda aliyeanza kazi juzi.

Nikakubali. Naandika hapa nisije nikajidanganya: nilikubali upesi.

Zuli alifungua mlango amevaa kandambili na miwani ya kusomea. Nikaanza, "Pole sana baba, kuna msichana mpya kazini..." Akaugeuza ule mkono wa koti, akacheka hadi akakaa kitandani.

"Mwambie asilie," akasema. "Lile la kwanza nililiunguza mwenyewe, saa moja kabla ya shoo. Nikang'oa mkono, nikapanda jukwaani nikiogopa kuzomewa. Watu wakasema ni staili. Miaka yote hii sijamwambia mtu."

Viboko vyote vile, kumbe ni pasi! Ningecheka, lakini niliona aibu. Ametoa siri yake kumtuliza msichana, na msichana mwenyewe ni mimi.

Sikuweza kumwambia. Nilisema asante baba, nikashuka.

Kwa madam niliweza. "Khalas, basi, kwenye ripoti ya koti andika jina langu." Akaniuliza kama nina wazimu, kisha akaandika.

Nakato nimemkuta chumbani kwetu anasuka nywele, hajui lolote. Nimemweleza yote, hata pale nilipokubali upesi. Akanigeuzia mgongo, akaendelea kusuka.

Kesho saa tatu asubuhi naitwa ofisini. Nakato amesema atanisindikiza, ila bado hajanisamehe.